UZI: Mzunguko wa kasi na kemia ya uso wa nyota kubwa. Je, nitrojeni peke yake ni ushahidi wa kutosha?

Mtazama Anga (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya hoja moja inayorudiwa sana katika maandishi ya elimu ya nyota: kwamba nyota kubwa inayojizungusha kwa kasi hupandisha nitrojeni hadi usoni, na kwa hiyo nyota kubwa yenye nitrojeni nyingi usoni lazima iwe ilijizungusha kwa kasi. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ina msingi imara katika fizikia. Nusu ya pili haifuati kutoka ya kwanza, na kwa maoni yangu imewafanya watu wengi waamini kwamba jambo hili limekwisha kuthibitishwa wakati bado linabishaniwa.

Tuanze ndani ya nyota. Ninazozungumzia ni nyota zenye masi inayozidi takriban mara 8 ya Jua, yaani nyota za aina ya O na zile zenye joto kali zaidi miongoni mwa aina ya B. Katika kitovu chake hidrojeni hugeuka kuwa heli kupitia mfuatano wa mabadiliko ambamo kaboni, nitrojeni na oksijeni hutumika kama vichocheo. Kila kimojawapo hupokea protoni na kugeuka kuwa kingine, hadi mwishowe heli inatoka na mfuatano unaanza upya. Hatua za mfuatano huo hazina mwendo sawa. Hatua ambayo nitrojeni-14 inapokea protoni na kuwa oksijeni-15 ndiyo ya polepole kuliko zote, kwa hiyo atomi hufika kwenye nitrojeni kwa wingi na kuondoka hapo kwa uchache. Jumla ya atomi za elementi hizo tatu haibadiliki, lakini mgawanyo wake unabadilika sana: kaboni inapungua kwanza na kwa haraka, oksijeni inafuata baadaye, na nitrojeni inarundikana.

Mrundikano huo unatokea kitovuni, ambako gesi inachemka na kuchanganyika muda wote. Juu ya kitovu kuna tabaka nene ambalo halichemki, kwani ndani yake nishati husafirishwa na mwanga wenyewe bila gesi kupanda na kushuka. Kama hakuna kingine kinachoendelea, tabaka hilo ni ukuta: uso wa nyota unapaswa kubaki na mchanganyiko uleule wa elementi iliozaliwa nao kwa muda wote ambao hidrojeni inawaka kitovuni, na kwa nyota yenye masi 20 za Jua muda huo ni takriban miaka milioni 8 hadi 10. Kwa hiyo tukiona nitrojeni nyingi usoni mwa nyota ambayo bado iko katika hatua hiyo, tunajua kwamba kuna kilichovuka ukuta, au kwamba kilichoko usoni kimetoka nje.

Hapo ndipo mzunguko unapoingia. Nyota inayojizungusha hupanuka kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha. Mwaka 1924 Hugo von Zeipel alionyesha kwamba katika nyota ya namna hiyo kiasi cha mwanga kinachotoka mahali fulani pa uso kinategemea graviti iliyobaki mahali hapo baada ya kuondoa nguvu ya kusukumwa nje inayotokana na mzunguko, na ndiyo maana ncha huwa na joto zaidi kuliko ikweta. Mwaka uliofuata Eddington na Vogt wakaonyesha kwamba hali hiyo haiwezi kudumu bila gesi yenyewe kutembea: kunazuka mikondo mikubwa ya polepole inayopita ndani ya nyota kati ya ncha na ikweta. Mwaka 1992 Jean-Paul Zahn aliongeza jambo ambalo wengi wanaliona kuwa muhimu zaidi, nalo ni kwamba matabaka ya ndani na ya nje hayajizungushi kwa kasi moja, na tofauti hiyo inazaa msuguano na misukosuko midogo inayochanganya gesi kutoka tabaka moja hadi jingine. Juu ya msingi huo André Maeder na Georges Meynet wa Geneva, na kwa njia tofauti kidogo Alexander Heger na Norbert Langer, walijenga modeli za nyota zinazojizungusha ambazo zilitabiri kwamba kadiri nyota inavyokuwa na kasi, masi na umri mkubwa zaidi, ndivyo nitrojeni na heli zinavyoongezeka usoni mwake.

Kwamba nyota hizi zinajizungusha kwa kasi ya kutisha si suala la nadharia. Uso wa Jua kwenye ikweta unakwenda kwa takriban kilomita 2 kwa sekunde. Zeta Ophiuchi inakwenda kwa takriban kilomita 400 kwa sekunde, na nyota iitwayo VFTS 102, iliyoko katika nebula (wingu la gesi) ya Tarantula ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, imepimwa kuwa na kasi ya karibu kilomita 600 kwa sekunde. Umbo lililobonyea nalo limeonekana moja kwa moja. Akhirinahari, ambayo masi yake iko chini kidogo ya kiwango tunachozungumzia, ilipimwa mwaka 2003 kwa kuunganisha mwanga wa darubini kadhaa, na nusu kipenyo chake cha ikweta kikaonekana kuzidi kile cha ncha kwa zaidi ya nusu. Uchambuzi wa baadaye ulioizingatia vyema tofauti ya joto kati ya ncha na ikweta uliipunguza ziada hiyo hadi takriban theluthi moja, ambayo bado ni kubwa mno kwa mtu aliyezoea kuifikiria nyota kama tufe.

Sasa tufike kwenye kiini cha mjadala. Mwaka 2008 Ian Hunter na wenzake walichapisha vipimo vya nyota 135 za aina ya B katika Wingu Kubwa la Magellan, vilivyofanywa kwa chombo cha FLAMES kwenye darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Paranal, Chile. Waliweka kasi ya mzunguko kwenye mhimili mmoja wa mchoro na nitrojeni kwenye mwingine. Kama mzunguko ungekuwa sababu pekee, nyota zote zingejipanga kwenye mstari mmoja unaopanda. Nyota nyingi zilifuata njia hiyo, lakini makundi mawili yalikataa: moja la nyota zenye kasi kubwa zisizo na ongezeko la maana la nitrojeni, na jingine la nyota za polepole zilizojaa nitrojeni.

Mchoro huo ndio sababu ya uzi huu. Ninaamini mzunguko unachanganya nyota, lakini siamini kwamba nitrojeni peke yake inaweza kutuambia ni lini mzunguko ndio uliofanya kazi hiyo. Karibuni tujadili.

Bint Thuraya

Ahsante sana, ndugu Mtazama Anga, kwa maelezo yaliyopangika. Nina swali kuhusu kundi la pili. Ninavyofahamu, kasi tunayoipima kwa kutazama mistari ya spektra (alama ambazo elementi huacha katika mwanga wa nyota) inavyotanuka ni ile sehemu tu ya mwendo inayoelekea kwetu au kutuacha. Nyota ikiwa imetuelekezea ncha yake, hata ikijizungusha kwa kasi kiasi gani, mistari yake itaonekana myembamba. Je, haiwezekani kwamba nyota hizo za polepole zenye nitrojeni nyingi ni nyota za kasi tunazozitazama kutoka juu ya ncha, na kwamba kundi hilo lote ni kiini macho tu?

Mtazama Anga

Dada, hilo ni swali la haki na ndilo la kwanza kuulizwa na kila anayeuona mchoro ule. Jibu linapatikana kwa hesabu fupi. Mihimili ya nyota haina sababu ya kupendelea upande wowote, kwa hiyo uwezekano wa mhimili kuwa ndani ya pembe fulani kutoka mstari wetu wa kutazama ni moja kutoa kosaini ya pembe hiyo. Chukua nyota inayokwenda kilomita 300 kwa sekunde. Ili ionekane kana kwamba inakwenda chini ya kilomita 50, saini ya pembe lazima iwe chini ya moja ya sita, maana yake pembe iwe chini ya takriban digrii 10. Uwezekano wa hilo ni kama asilimia 1.4. Katika nyota 100 za kasi kubwa utapata moja au mbili za namna hiyo, ilhali kundi lile lina nyota nyingi kuliko idadi hiyo inavyoruhusu. Baadhi ya wanakundi bila shaka ni nyota za kasi zilizogeuziwa kwetu, lakini sehemu kubwa ni za polepole kwelikweli.

Zaidi ya hayo, tunazo nyota za polepole zenye nitrojeni ambazo mzunguko wake wa kweli unajulikana bila kutegemea upana wa mistari. Tau ya kundinyota la Akarabu ni mojawapo: ina ugasumaku unaopimika, na kutokana na jinsi alama za ugasumaku huo zinavyojirudia imejulikana kwamba inamaliza mzunguko mmoja kwa siku 41 hivi. Hiyo ni nyota ya polepole, na ina nitrojeni ya ziada.

Zohali

Mkuu, nakuheshimu, lakini naona umeuhukumu upande wa modeli kwa haraka. Modeli za Ines Brott na wenzake za mwaka 2011 zinafuata vizuri njia kuu ya nyota za mchoro ule, pamoja na tofauti kati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, na Mawingu ya Magellan. Nadharia inayoeleza nyota nyingi haiachwi kwa sababu ya makundi mawili ya pembeni, ambayo kila moja linaweza kuwa na sababu yake.

Mtazama Anga

Ndugu Zohali, sisemi iachwe. Nasema tuangalie kile inachothibitisha. Nguvu ya mchanganyiko katika modeli hizo haikutoka kwenye kanuni za msingi pekee. Ndani yake kuna kigezo ambacho thamani yake ilirekebishwa hadi modeli za nyota zenye masi takriban 13 za Jua zilipolingana na nyota zilezile za Wingu Kubwa la Magellan. Kufanya hivyo ni halali, na hakuna aliyeficha. Lakini kipimo kilichotumika kuirekebisha modeli hakiwezi kuhesabiwa tena kama ushahidi kwamba modeli ni sahihi. Ushahidi lazima utoke kwenye nyota au elementi ambazo hazikuhusika katika marekebisho hayo.

Kuhusu kuwaita wale ni wa pembeni, hapo ndipo tunapotofautiana kwa dhati. Mwaka 2012 Hugues Sana na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya nyota za aina ya O zina mwenzi wa karibu kiasi kwamba, wakati fulani wa maisha yao, zitabadilishana masi au hata kuungana kuwa nyota moja. Fikiria maana yake kwa mada yetu. Nyota inayopokea gesi kutoka kwa mwenzake inapokea pia mwendo wa mzunguko, hivyo inaongezeka kasi. Wakati huohuo, gesi inayofika mwishoni mwa uhamisho huo inatoka katika matabaka ya ndani ya mwenzake, ambayo yamekwisha kupitia mabadiliko ya kinyuklia, hivyo imejaa nitrojeni. Hapo tunapata nyota yenye kasi na nitrojeni, iliyokaa vizuri kabisa kwenye mstari wa mchoro, na bado kasi haikuileta nitrojeni. Vyote viwili vimeletwa na mwenzi. Zeta Ophiuchi niliyoitaja mwanzoni ina heli na nitrojeni ya ziada, na inakimbia angani kwa mwendo unaoashiria kwamba iliachana na mwenzake alipolipuka kama supanova. Kwa miaka mingi imetajwa kama mfano wa nyota iliyochanganywa na mzunguko wake yenyewe, nami naona mfano huo hauaminiki tena bila maelezo ya ziada.

Njia ya nyota kuungana inaeleza upande wa pili. Mwaka 2019 Fabian Schneider na wenzake walifanya uigaji wa kompyuta wa nyota mbili zinazoungana na kupata zao lenye ugasumaku mkali, ambalo baadaye linapunguza kasi na kufanana na Tau ya Akarabu. Ugasumaku umepatikana katika takriban asilimia 7 ya nyota za aina hizi. Unaufunga upepo wa nyota, yaani gesi inayotiririka kutoka usoni mwake, na kuuburuta, na hivyo kuipunguza nyota kasi yake kidogo kidogo. Nyota kama HD 148937, yenye ugasumaku na nebula ya nitrojeni nyingi kuizunguka, imeelezwa mwaka 2024 kuwa zao la muungano wa namna hiyo.

Bint Thuraya

Basi kama mzunguko, uhamisho wa masi na muungano vyote vinaishia kuleta nitrojeni, kuna kitu chochote usoni mwa nyota kinachoweza kuvitenganisha?

Mtazama Anga

Kipo, na ningependa kila anayesoma uzi huu akae nacho kwa muda, kwa sababu ni mojawapo ya mbinu nzuri kabisa katika taaluma hii na haizungumzwi inavyostahili. Ni boroni.

Boroni ni elementi dhaifu mbele ya joto. Protoni huiharibu katika halijoto ya takriban digrii milioni 6 tu, ilhali mfuatano wa kuzalisha nitrojeni kitovuni mwa nyota hizi unafanyika katika digrii milioni 30 na zaidi. Kwa hiyo nyota kubwa ina boroni katika ganda jembamba tu la nje, na sehemu yote iliyobaki haina. Sasa tazama tofauti. Mzunguko ukianza kuchanganya gesi, hata mchanganyiko wa kina kifupi unatosha kuipeleka boroni ya usoni mahali pa joto na kuileta juu gesi isiyo na boroni. Nitrojeni ya kitovuni bado iko mbali na haijafika. Kutakuwa basi na kipindi ambacho nyota imepungukiwa boroni lakini nitrojeni yake ni ya kawaida, na baadaye boroni ikizidi kupungua nitrojeni itaanza kupanda. Uhamisho wa masi haufanyi hivyo kwa urahisi, kwa sababu gesi inayotoka ndani ya mwenzi inafika ikiwa haina boroni na imejaa nitrojeni kwa pamoja. Mantiki hiyo iliwekwa wazi na Fliegner, Langer na Venn mwaka 1996, na tangu hapo zimepatikana katika Njia Nyeupe nyota kadhaa za aina ya B ambazo boroni yake imepungua sana huku nitrojeni ikiwa haijaongezeka.

Kwa hiyo, ndugu Zohali, mimi na wewe hatuko mbali kama inavyoonekana. Nyota hizo chache zinanishawishi kwamba mchanganyiko wa ndani upo, na zinanishawishi zaidi kuliko nyota 135 zilizopimwa nitrojeni peke yake.

Zohali

Nimekuelewa, na hoja ya boroni naikubali. Lakini umelipita haraka lile kundi la kwanza. Nyota zenye kasi zisizo na nitrojeni zinaitishia nadharia kuliko zile za polepole, kwani za polepole unaweza kuzisingizia mwenzi. Hizi utazisingizia nini?

Mtazama Anga

Kweli, nililipita, na uzito wake ni mkubwa. Kundi hilo halipo katika Wingu la Magellan pekee. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 juu ya nyota takriban 40 za aina za O na B katika Njia Nyeupe, zote zikiwa na kasi inayozidi kilomita 200 kwa sekunde, ulikuta nao nyota ambazo hazionyeshi ongezeko la nitrojeni ambalo modeli zinalidai.

Sehemu ya maelezo iko kwenye upimaji wenyewe. Nyota ikijizungusha kwa kasi, mistari yake ya spektra inatanuka, inakuwa hafifu na inaingiliana, hivyo mstari wa nitrojeni ulio dhaifu unaweza kumezwa kabisa na kutuachia kikomo cha juu badala ya kipimo. Tena hesabu nyingi huichukulia nyota kuwa tufe lenye joto moja, ilhali tumeona kwamba ncha na ikweta hazilingani. Sehemu nyingine ni umri na masi: nyota changa, au yenye masi 8 badala ya 20, haijapata muda na nguvu ya kuvusha nitrojeni. Sehemu nyingine tena ni ukuta wenyewe. Kadiri kitovu kinavyojaa heli, gesi ya ndani inakuwa nzito kuliko iliyo juu yake, na tofauti hiyo ya uzito inapinga kuchanganyika. Nadharia mbalimbali zinatofautiana sana kuhusu ukali wa kizuizi hicho, na naona kwamba huko ndiko kuna kosa, kama kosa lipo. Mchanganyiko wa karibu na uso, unaoondoa boroni, unaweza kuwa wa kweli kabisa wakati uvukaji wa mpaka wa kitovu ni mgumu kuliko modeli nyingi zinavyouruhusu.

Kinara

Samahani kwa kuingia kati. Hivi mjadala huu unabadilisha nini nje ya mchoro wenyewe? Nauliza kwa nia njema.

Mtazama Anga

Unabadilisha mwisho wa nyota hizi. Maeder alionyesha mwaka 1987 kwamba mchanganyiko ukiwa na nguvu ya kutosha, nyota nzima inabaki na mchanganyiko mmoja kuanzia kitovuni hadi usoni, na badala ya kuvimba kuwa jitu kuu jekundu inabaki ndogo na ya joto kali. Hali hiyo ni rahisi zaidi pale ambapo elementi nzito ni chache, kama katika Wingu Dogo la Magellan lenye takriban moja ya tano ya kiwango cha Jua, kwa sababu upepo wa nyota ni hafifu na hauondoi mwendo wa mzunguko. Nyota ya namna hiyo inaweza kufika mwisho wake kitovu kikiwa bado kinazunguka kwa kasi, na imependekezwa kuwa chanzo cha baadhi ya milipuko mirefu ya miali ya gama. Vilevile nyota mbili za aina hiyo zinazozungukana, zikiwa karibu bila kuvimba wala kugusana, zinaweza kuacha mashimo meusi mawili yatakayoungana baadaye. Baada ya vipokezi vya LIGO huko Marekani kunasa mawimbi ya graviti tarehe 14 Septemba 2015, kutoka mashimo meusi ya takriban masi 36 na 29 za Jua, njia hiyo ilikuwa mojawapo ya zilizopendekezwa. Njia hiyo yote inasimama juu ya nguvu ya mchanganyiko. Nguvu hiyo ikipunguzwa, nyota zinazoweza kupita humo zinapungua sana.

Bint Thuraya

Na ungepewa muda wa darubini leo, ungetazama nini?

Mtazama Anga

Ningeanza na nyota zinazopiga mapigo, aina ya Beta Cephei. TESS, darubini ya angani iliyorushwa mwaka 2018, inafuatilia mabadiliko madogo ya mwangaza wake, na kutokana na mapigo hayo inawezekana kujua mzunguko wa ndani wa nyota bila kujali imetuelekezea upande gani. Mwaka 2023 ilionyeshwa kwa njia hiyo kwamba HD 192575, yenye masi takriban 12 za Jua, kitovu chake kinajizungusha kwa kasi zaidi kuliko matabaka ya nje, jambo ambalo ndilo chanzo cha msuguano wa Zahn. Kisha ningechagua miongoni mwa nyota hizo zile chache zenye kasi kubwa ambazo zimetugeuzia ncha, kwa kuwa mistari yake ni myembamba na inasomeka vizuri, na ningepima kwa pamoja kaboni, nitrojeni, oksijeni na heli. Boroni ningeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ya gharama: mstari wake unaotumika uko kwenye nanomita 206.6, katika urujuanimno ambao angahewa ya Dunia inauzuia, kwa hiyo lazima upimwe kutoka angani. Vipimo vya darubini ya angani ya Hubble ndivyo vilivyotupa sehemu kubwa ya tulichonacho, na nyota zenye mistari myembamba za kuanza nazo zimekwisha kujitokeza katika orodha za TESS.